Nani alipie bomba kuu: hazina, mkopo, hatifungani, mwekezaji au kisima chako?

Binamu yangu ni diwani katika mji mdogo wa Kanda ya Ziwa, mji ambao hadi leo unategemea malambo na visima vya pampu. Mwezi uliopita alinipigia usiku. "Kaka, leo kikaoni tumeletewa njia tatu. Mmoja anasema tusubiri bajeti ya Serikali. Mwingine anasema tukope wenyewe. Wa tatu anasema tumkabidhi mwekezaji, alete fedha zake, sisi kazi yetu iwe kufungua koki. Tushike lipi?" Nikamjibu kwamba hilo si jambo la simu, nitamwandikia. Barua yenyewe ilikuwa hii, nimeipunguza salamu na mambo ya nyumbani.

Bomba ni mbili, si moja

Ubishi mwingi kuhusu maji unaharibika mapema kwa sababu watu wanachanganya vitu viwili. Kuna chanzo, mtambo wa kusafisha, bomba kuu na matenki ya kilimani. Halafu kuna mabomba ya mitaani, dira za kupimia maji, vilula vya kuuzia maji, msoma mita, fundi na dirisha la malipo. Kundi la kwanza, ambalo lote naliita bomba kuu, linakula fedha nyingi kwa mkupuo na halirudishi hata senti moja mpaka siku maji yatakapotoka, lakini likishasimama linakaa umri wa mtu mzima. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, wa Ruvu Chini mwaka 1976, na Dar es Salaam bado inaishi kwa sehemu kubwa kwa mitambo hiyo miwili, ingawa imepanuliwa. La pili, la mitaani, halihitaji mabilioni ya mara moja. Linahitaji nidhamu ya kila siku: uvujaji uzibwe leo, bili itoke kwa wakati, mwenye deni akatiwe hata kama ni ofisi ya mkubwa.

Kwa hiyo anayekuja kikaoni na kusema "watu binafsi wanaweza kazi ya maji kuliko Serikali", muulizeni anazungumzia bomba lipi. Mimi msimamo wangu nautoa mapema usije ukautafuta kati ya mistari: bomba kuu ni kazi ya fedha za umma. La mitaani tunaweza kujadiliana.

Hazina: mfano wa Ihelele

Aliyekulia Shinyanga anajua rangi ya maji ya lambo mwezi wa kumi. Anajua pia kwamba Ziwa Victoria haliko mbali, na kwamba kwa miaka mingi lilikuwa kama ng'ombe wa jirani, unamwona lakini maziwa huyapati. Sababu moja ilikuwa gharama. Nyingine ilikuwa karatasi. Mkataba wa mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri ulitaka kazi yoyote kwenye Mto Nile na maziwa yanayoulisha, ikiwa inaweza kupunguza maji ya Misri, isifanyike bila ridhaa ya Cairo. Mwalimu Nyerere alitamka mwaka 1962 kwamba mikataba ya aina hiyo haiifungi Tanganyika huru. Lakini kutamka ni kitu kimoja, kulaza bomba ni kingine. Mkopeshaji wa nje akisikia nchi ya chini ya mto inanung'unika, mkono wake unarudi mfukoni.

Ndipo Serikali ikaamua kutumia fedha zake. Mradi wa Ziwa Victoria, Kahama na Shinyanga ulianza kujengwa katikati ya miaka ya 2000 huku Misri ikilalamika, na Rais Kikwete akauzindua mwaka 2009. Maji yanachotwa Ihelele, wilaya ya Misungwi, yanasafishwa hapo hapo kwenye mtambo wenye uwezo wa lita milioni 80 kwa siku, yanasukumwa hadi tenki la kilimani, kisha yanateremka kwa uzito wake kwenda Shinyanga na Kahama. Iliundwa mamlaka ya kuyauza kwa jumla, KASHWASA, na mamlaka za miji zinanunua kwake na kuyasambaza kwa rejareja. Ugawaji huo wa kazi nauheshimu sana: mmoja analinda bomba kuu, mwingine anahangaika na dira.

Nani mwingine angefanya hivyo? Mwekezaji angeuliza maswali matatu ya haki kabisa. Mtalipa nini? Lini? Na Misri ikienda mahakamani, hasara ni ya nani? Shinyanga ya wakati ule isingekuwa na jibu la hata moja. Serikali ndiyo yenye kifua cha kubeba swali la tatu, na ndiyo inayoweza kungoja miaka ishirini kwa lile la pili.

Kuna faida nyingine ambayo mahesabu ya mradi mmoja mmoja hayaioni. Bomba kuu likishafika, linazaa. Lile la Ihelele limerefushwa hadi Nzega, Igunga na Tabora, mji uliokuwa ukiegemea bwawa la Igombe. Kama bomba la kwanza lingejengwa kwa kipimo cha wateja wa Shinyanga na Kahama peke yao, kama mfanyabiashara yeyote mwenye akili angefanya, pasingekuwa na cha kurefusha.

Sasa ubaya wake, maana usije ukasema kaka yako kageuka msemaji wa wizara. Fedha za hazina huchelewa. Bunge linapitisha bajeti, kisha kinachotoka ni kidogo kuliko kilichopitishwa, mkandarasi anakaa miezi hajalipwa, anaondoa mitambo, na akirudi anarudi na madai ya riba. Mradi wa Same, Mwanga na Korogwe, unaotoa maji Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulianza mwaka 2014 na kuzinduliwa Machi 2025. Mtoto aliyezaliwa siku mkandarasi anaingia alikuwa darasa la tano siku koki inafunguliwa. Hata huo haukuwa wa hazina tupu, ulikuwa na wakopeshaji wa Kiarabu pembeni, lakini ugonjwa ni ule ule. Wizarani kwenyewe miradi ya namna hiyo imepewa jina, "miradi kichefuchefu", na sijasikia jina bora zaidi.

Dawa mojawapo ni kuwa na fedha ambazo hazisubiri huruma ya mgawo wa kila mwezi. Tanzania inayo tayari: tangu mwaka wa fedha 2015/16 kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 50 kwenda Mfuko wa Taifa wa Maji. Kijana wa bodaboda anayeweka lita tatu kwa siku anachangia shilingi 150 za maji kila siku, na wengi wao hawajui. Ukiniuliza, kodi ya namna hii naipenda kuliko ahadi ya jukwaani, kwa sababu ina chanzo kinachojulikana na mtu anaweza kuidai hesabu.

Mkopo wa nje

Hapa sikai sana, kwa sababu mkopo wa Serikali ni hazina ya kesho inayotumika leo. Urefushaji wa kwenda Tabora ulilipiwa kwa mkopo wa India wa takriban dola milioni 268. India hiyo hiyo imetoa dola milioni 500 kwa ajili ya mradi wa miji 28. Arusha ilipanuliwa maji yake kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Riba za mikopo hii ni nafuu na muda wake ni mrefu, hilo ni la kushukuru.

Ila mwananchi analipa bili kwa shilingi na deni linalipwa kwa dola. Kwa mkopo wa dola milioni 268, kila dola inapopanda shilingi 100, deni linavimba kwa shilingi bilioni 26.8 bila tone moja la maji kuongezeka. Na mikopo ya India kwa kawaida inataka sehemu kubwa ya vifaa na huduma itoke India, kwa hiyo fundi wa kwetu anabaki na kuchimba mtaro. Mkopo wa nje ni mzuri kwa bomba kuu, mradi anayeubeba awe Serikali Kuu na si halmashauri yenu. Halmashauri ikibeba deni la dola, mwisho wake linalipwa kwenye bili za wajane.

Hatifungani: Tanga walivyofanya

Hii ndiyo njia ambayo mjumbe wenu wa pili nadhani alikuwa anaizungumzia, na ndiyo iliyonifanya nikae na kalamu. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani kwa umma, yaani ilikopa moja kwa moja kwa watu na taasisi kwa ahadi ya kuwalipa riba. Ilitafuta shilingi bilioni 53.12, ikapata bilioni 54.72. Muda ni miaka kumi, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Miongoni mwa kazi zilizokusudiwa ni kupanua mtambo wa Mabayani kutoka mita za ujazo 45,000 kwa siku hadi 60,000.

Tufanye hesabu ya kijiweni. Asilimia 13.5 ya bilioni 53.12 ni kama bilioni 7.17 kwa mwaka, riba peke yake. Ongezeko la mita za ujazo 15,000 kwa siku ni milioni 5.475 kwa mwaka. Ukizigawa, kila uniti mpya ya maji, yaani mita moja ya ujazo, inabeba riba ya shilingi 1,310 hivi, hata kama hakuna tone linalopotea. Theluthi ikivuja njiani, riba kwa kila uniti iliyouzwa inakaribia shilingi 1,960. Na bado hujalipa umeme, dawa, mishahara wala mtaji wenyewe. Hesabu yangu ni kali kuliko hali halisi, kwa kuwa fedha zile zina kazi nyingine pia, mabomba na dira, ambazo nazo zinaingiza mapato. Lakini inakuonyesha uzito wa mzigo.

Tanga wanaweza kuubeba. Wana chanzo cha uhakika cha Mto Zigi unaoteremka kutoka milima ya Usambara Mashariki, wana bandari na viwanda, na mamlaka yao imezoea kutajwa vizuri kwenye ripoti za EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Yaani bomba kuu lao lipo tangu zamani, lililipiwa na waliotutangulia. Hatifungani imekuja kunenepesha mwili uliokwisha simama. Mji wenu hauna mwili bado. Tena kuna kutolingana kwa umri: mnakopa kwa miaka kumi kujenga kitu cha miaka hamsini, kwa hiyo kizazi cha kwanza kinalipa chote na wajukuu wanakunywa bure.

Mwekezaji: kumbukumbu ya City Water

Ukitaka kuona ukumbi wa watu wazima unavyogawanyika, taja City Water mbele ya wazee wa Dar es Salaam. Agosti 2003 kampuni hiyo, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mbia wa Kitanzania, ilipokea kazi ya kuendesha maji ya jiji kwa mkataba wa miaka kumi. Mei 2005 Serikali ikauvunja, na Waziri wa Maji wakati huo, Edward Lowassa, ndiye aliyeutangazia umma. Haikufika hata miaka miwili.

Wengi wanaikumbuka kama hadithi ya mzungu mbaya, wengine kama hadithi ya Serikali isiyoheshimu mikataba. Baraza la usuluhishi la kimataifa lilipoamua mwaka 2008 liliwapa kila upande kidogo: Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji, lakini fidia sifuri, kwa kuwa kampuni ilikuwa imekwisha kuzama kwa makosa yake yenyewe.

Mimi ninachokitazama ni kingine. Mkataba ule ulikuwa wa kukodisha. Mabomba na mitambo vilibaki mali ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na sehemu kubwa mno ya fedha za ukarabati ilikuwa mikopo ambayo Serikali ya Tanzania ndiyo iliyoichukua, kutoka Benki ya Dunia na wengine. Mwekezaji alikuja hasa kusoma mita na kukusanya bili, na hata hapo alikuta orodha ya wateja isiyolingana na mtaa. Kwa maneno mengine, tuliambiwa tumeleta mtaji binafsi, ilhali mtaji ulikuwa wetu na deni lilikuwa letu. Mjumbe wenu wa tatu akisema "alete fedha zake", ombeni aonyeshe ni shilingi ngapi, na zinaingia kwenye bomba lipi kati ya yale mawili.

Haki itendeke: si kila mahali imekuwa hivyo. Senegal iligawa kazi mwaka 1996, kampuni ya umma ikabaki na mali na uwekezaji, kampuni binafsi ikapewa uendeshaji, na Dakar ikaona huduma inaboreka kwa miaka mingi. Lakini tazama vizuri, hata huko aliyejenga bomba kuu ni serikali. Na Uganda, shirika la maji la umma, NWSC, lilijinyoosha kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 bila kuuzwa kwa mtu, kwa mikataba ya utendaji kati ya makao makuu na matawi yake. Kwa hiyo nidhamu ya dira haina dini. Ya umma inaweza, ya binafsi inaweza, zote zinaweza kuoza.

Na kuoza kwenyewe kuna kipimo. EWURA inataka upotevu wa maji usizidi asilimia 20, lakini mamlaka nyingi ziko mbali juu ya hapo. Kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, walisema wahenga, ila wahenga hawakuwa na bomba la Ihelele. Huku kila lita inayovuja imekwisha lipiwa umeme wa kuisukuma na dawa ya kuisafisha.

Kisima chako na dumu la mkokoteni

Hii haikuletwa kikaoni, lakini ndiyo njia ambayo watu wanaichagua kila siku kimya kimya. Usipojenga bomba, hujaacha kutumia fedha. Umezihamishia tu kwa mama mwenye ndoo.

Mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua sana na mgao ukarudi Dar es Salaam, nilinunua dumu la lita 20 kwa shilingi 500. Uniti moja ni madumu 50. Hiyo ni shilingi 25,000 kwa maji ambayo mamlaka huuza kwa elfu moja na kitu hadi elfu mbili na kitu. Kwenye kilula, ndoo ya shilingi 50 inakufikisha 2,500. Sijawahi kuona kodi kali kuliko ile ya mkokoteni, na inatozwa kwa asiye na kazi kuliko kwa mwenye nayo, kwa sababu mwenye nayo ana simtanki na anaita boza.

Mwenye uwezo zaidi anachimba. Nasi kwenye nyumba ya mzee tulichimba, mita zaidi ya hamsini, na mwaka wa pili chai ikaanza kuwa na chumvi bila mtu kutia chumvi. Fundi akatuambia twende chini zaidi. Majirani nao walikuwa wameshakwenda chini zaidi. Ndivyo ilivyo sehemu nyingi za pwani: kila mmoja akivuta kwake, maji ya bahari yanasogea kwa wote.

Ukame ule wa 2022 una funzo kwa bomba kuu pia, na si la kujisifia. Ruvu Juu na Ruvu Chini zilikuwa zimepanuliwa, moja kwa mkopo wa India, nyingine kwa msaada wa Marekani, jumla uwezo wa lita milioni 466 kwa siku. Mitambo ilikuwepo, mto haukuwepo. Bwawa la Kidunda, la lita bilioni 190, lilikuwa limezungumzwa miongo na miongo. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Novemba 2022, jiji likiwa kwenye mgao. Bwawa ni kitu ambacho faida yake inaonekana mwaka mmoja katika mitano au kumi. Hakuna mwenye duka anayejenga ghala la namna hiyo. Na Serikali yenyewe, kama ulivyoona, mpaka isukumwe na kiu.

Basi mji wenu

Sitakupa jibu la kubandika ukutani, ila mambo ninayoyaona ni haya. Kama ziwa au bomba la Ihelele liko ndani ya umbali ambao wahandisi wanasema linafikika, pambaneni kuingizwa kwenye bomba kuu kwa fedha za Serikali, hata ikichukua miaka mitano. Mshike mbunge kwenye hilo, na mdai tarehe za malipo ya mkandarasi kuliko tarehe ya kuweka jiwe la msingi. Wakati mnangoja, msikae bure: fungeni dira kwenye visima mlivyonavyo, ikiwezekana za malipo ya kabla, badilisheni pampu za dizeli ziwe za jua, na jueni kila mwezi mmezalisha uniti ngapi na mmeuza ngapi. Hiyo ni kazi ya chombo cha watumia maji pamoja na RUWASA, wakala wa maji vijijini, haihitaji bilioni hamsini. Siku mtakapokuwa na maji ya kutosha na upotevu mdogo, hatifungani au mkopo wa benki kwa ajili ya mabomba ya mitaani itakuwa na maana. Kwa sasa mtakuwa mnakopa kununua dira za kupimia upepo.

Mwekezaji msimfukuze. Kuchimba, kufunga dira, kukusanya malipo kwa simu, kuendesha vilula, yote hayo anaweza kuyafanya kwa mkataba mfupi wenye kipimo. Mali ibaki yenu.

Alinijibu asubuhi yake, mstari mmoja: "Sawa kaka, ila yule bwana anasisitiza ana fedha zake, tumwambie nini?"

Nikamjibu: mwulizeni kama yuko tayari kulaza bomba kutoka ziwani hadi kwenu na kungoja miaka ishirini. Akisema ndiyo, nipigie tena, hata kama ni usiku.